Kidole cha Kumi

Siku yake ya kwanza kazini, mwalimu Ketsia alilowesha kitambaa kwenye ndoo akafuta ubaoni sentensi iliyokuwa imekaa pale tangu enzi za walimu waliomtangulia. Ilikuwa ya Kifaransa: Baba yangu ni bwana mwenye heshima zake, jioni huketi mbele ya moto, shali shingoni, akisoma gazeti. Kila mtoto aliyewahi kusoma katika shule ile, huko juu kwenye milima ya Haiti, aliikariri na kuiandika kwenye mtihani, ndiyo maana wachoma makaa na wachunga mbuzi wote wa pande zile wana baba mmoja. Ketsia alisugua mpaka jasho likamtoka. Alikuwa na furaha.

Alitoka chuoni na imani yake, na ilikuwa imani nzuri, sina ubaya nayo. Aliamini kwamba mtoto huandika vizuri kile alichokigusa kwa mikono yake, tena kwa lugha anayootea ndoto. Aliamini pia kwamba kalamu nyekundu ni fimbo iliyovaa kofia. Akawaambia watoto waandike habari za baba zao, kwa Kikreoli, bila woga.

Watoto wakatazama mlangoni. Anayesema Kikreoli darasani huvikwa kibao cha mti shingoni, akatembea nacho mpaka apatikane mkosaji mwingine.

"Leo hakuna kibao," Ketsia akasema.

Klemina, msichana wa benchi la mbele, ndiye aliyeanza. Aliandika kwamba baba yake Elisma ni mchoma makaa. Ana vidole tisa vya miguu. Cha kumi alijikata kwa panga, na Klemina alipozaliwa, baba alisema kidole chake kimerudi, ndiyo maana humwita Kidole. Akicheka, sauti humtokea puani. Hakuandika kwamba baba huyo alizikwa baada ya lori la makaa kupinduka, kwa sababu jambo hilo kila mtu alilijua.

Kabla hajaweka nukta ya mwisho, sauti ikasikika mlangoni.

"Onè."

Ndiyo hodi ya kule. Aliye nje husema onè, heshima kwenu, na haingii mpaka aliye ndani amjibu respè. Elisma alikuwa amesimama kizingitini, peku, masizi mpaka kwenye kope, akingoja kama mtu mwenye adabu zake.

"Klemina, babako huyo," mtoto wa nyuma akanong'ona. "Si umjibu, jua linamchoma."

"Respè," Klemina akasema.

Elisma akaingia, akaketi benchi la nyuma, magoti yakamfika kidevuni. Mwalimu mkuu Altidor, aliyekuwa akipita dirishani, naye akaingia, akamsalimu Elisma kwa kichwa, kisha akamvika Klemina kibao. Kanuni za shule zilikataza Kikreoli. Kuhusu kufufuka hazikusema kitu.

Jioni Vestela, mama yake Klemina, aliongeza maji kwenye maharage akamwekea mumewe sahani. Klemina akatoka nje kwa makusudi, akarudi mlangoni.

"Onè."

"Respè," Elisma akajibu. "Nani huyo?"

"Kidole."

"Ingia upesi, nimechechemea siku nzima." Akachekea puani, na Klemina akaruka mapajani kwake. Alikuwa mkubwa mno kwa kupakatwa, lakini nani angewakataza.

Ikawa hivyo kwa majuma kadhaa. Asubuhi Elisma alimsindikiza bintiye shuleni, akaketi nyuma, akasinzia. Ketsia alimtazama na kuona imani yake imetimia, maana si kila mwalimu mpya huletewa ushahidi mpaka darasani. Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi atapita kuchagua mtoto mmoja wa kusomeshwa bure mjini, kwa insha.

"Binti yangu," Altidor akamwambia Ketsia, "mtoto ni Klemina. Hilo hatubishani. Lakini insha iwe ya Kifaransa, na iwe safi."

"Mtoto huandika anachokijua, mwalimu mkuu."

"Anajua nini? Makaa. Mkaguzi hali makaa." Akaweka kalamu nyekundu mezani. "Mimi sikulazimishi. Mwambie mama yake kwamba binti amekosa nafasi kwa ajili ya imani yako."

Ketsia akaenda nyumbani kwa kina Klemina na kalamu mfukoni. Alijiambia kwamba angebadilisha lugha tu, mambo yenyewe yangebaki yalivyo. Vestela alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Mimi huyu nilishamlilia," akasema, "na nitamlilia tena. Mtoto akikosa nafasi hii, nitakuwa na wachoma makaa wawili humu ndani, mmoja maiti."

"Mama," Klemina akaanza.

"Nyamaza wewe. Wakubwa wanaongea."

Elisma alikuna mguu wake wenye vidole vinne. "Rekebisha, mwalimu," akasema. "Mimi sijui kusoma. Sitajua hata umefuta nini."

Walifanya kazi hiyo ofisini, Ketsia akishika kalamu, Altidor akisimama nyuma yake, Elisma kwenye kiti cha wageni. Klemina alikaa sakafuni na kibao chake. Mchoma makaa akafanywa mfanyabiashara, na masizi yakamtoka Elisma usoni, akabaki mtu msafi asiye na sura ya kukumbukwa. Kicheko cha puani Altidor alisema si cha heshima. Ketsia akakipiga mstari. Elisma hakucheka tena.

Kwenye kidole mkono wa Ketsia ukasita.

"Hiki tukiache," akasema. "Hiki ndicho insha yenyewe."

"Mkaguzi ataona tunacheka kilema. Futa."

"Mwalimu, usifute hapo," Klemina akasema. Alisema kwa Kikreoli, na kibao kilikuwa tayari shingoni, kwa hiyo hapakuwa na la kumfanya.

Ketsia akafuta. Alifuta kwa mstari mmoja ulionyooka, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kidole kikaota palepale, cheupe, kucha imekatwa vizuri. Elisma akakitazama.

"Kinawasha," akasema kwa Kifaransa.

Nafasi iliyobaki Altidor aliijaza kwa kutamka taratibu: moto, shali, gazeti. Klemina akanakili yote kwa usafi.

Mkaguzi aliisoma akiwa amesimama, akatoa kumi juu ya kumi. "Hatimaye," akasema, "mtoto anayeandika kutoka moyoni. Nani anawafundisha?"

"Mimi," Ketsia akasema, na akashukuru. Imani yake anayo mpaka leo, huieleza vizuri kwenye semina. Siku ileile aliiandika tena ubaoni sentensi ya zamani, ili watoto wengine nao wapate nafasi. Kibao kilihamia kwa mtoto aliyeomba kwa Kikreoli ruhusa ya kwenda chooni.

Klemina akakimbia nyumbani na habari zake. Lilikuwa joto la kukausha mate. Elisma alikuwa ameketi mbele ya mafiga, shali shingoni, ameshika mfuko mtupu wa saruji kwa mikono miwili akiusoma, kwa sababu gazeti halikupatikana. Viatu vyake vipya vya kibwana alikuwa amevivua aote moto. Vestela alikuwa amesimama ukutani, sahani mkononi, asijue bwana huyu anakula nini.

Msichana akasimama kizingitini.

"Onè," akasema.

Elisma akafungua upande wa pili wa mfuko.

"Onè," akarudia.

"Nani?" akauliza kwa Kifaransa, bila kuinua uso.

"Kidole."

Elisma akaweka mfuko chini, akainama, akavihesabu vidole vyake kimoja kimoja, bila haraka.

"Umekosea nyumba," akasema. "Vyangu vyote ninavyo."

Hakujibiwa respè, kwa hiyo Klemina hakuingia.