Pete ya Kwenye Kisahani cha Sabuni

Mjukuu wangu anasomea shahada ya pili ya saikolojia ya wahalifu na upelelezi. Tangu aanze, hakuna anayepiga chafya hapa nyumbani asiandikwe kwenye daftari.

Alhamisi asubuhi pete ya ndoa ya mama yake, ambayo huivaa akitoka tu, haikuonekana. Mama mtu, yaani binti yangu, akamgeukia dada wa kazi: "Isipopatikana kabla ya mchana, funga virago."

"Mama, usimfukuze kienyeji," mjukuu akasema. "Niachie nimhoji kitaalamu."

Akamkalisha dada jikoni, akavuta kiti mpaka magoti yakagusana.

"Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu, kwenye kisahani cha sabuni."

"Mbona unatazama pembeni?"

"Maziwa yanachemka."

Akaandika: anakwepa macho. Maziwa yakamwagika, dada akaruka. Akaandika: ana wasiwasi.

"Wasifu umekamilika," akatangaza. "Mhalifu ni mtu wa ndani, anaijua nyumba, na dhamiri haimsumbui."

"Si huyu huyu!" binti yangu akasema. Dada akaanza kulia. Mjukuu akaandika na hilo.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, lakini vitendawili nimekua navyo.

"Kitendawili!"

"Bibi jamani, sasa hivi?"

"Itika."

"Haya, tega."

"Anaona uchafu wa dunia nzima, mkoba wake haujui."

Nikaumwaga mkoba wangu mezani: leso, dawa za presha, pipi tatu. "Begi la dada mmelipekua mara mbili. Sasa zamu yetu."

Mjukuu akacheka, akalipindua begi lake kwa madaha. Vikaanguka vitabu, kalamu, na kifuko cha nailoni chenye pete ndani. Juu yake karatasi, mwandiko wake mwenyewe: "Jumatatu. Jaribio la kumbukumbu za mashahidi. Kitu kilichoondolewa: pete."

"Mwalimu aliahirisha zoezi," akasema. "Nikasahau."

"Jaribio la kumbukumbu, ukalisahau," nikamwambia. "Hongera, mjukuu wangu."

Binti yangu akaivaa pete haraka haraka. "Basi, yameisha."

"Hayajaisha," dada akasema, akijifuta machozi. Akamwonyesha mjukuu wangu kile kiti, naye akaketi. Dada akasogea mpaka magoti yakagusana. "Niambie. Nilipokuwa nalia, uliandika nini?"

Mtaalamu wetu akatazama pembeni. Na maziwa hayakuwepo tena jikoni.