Vifungo Vitatu vya Obuya

Jumatatu, saa tano kasoro dakika kumi, hakimu wa mahakama moja katikati ya jiji alimhukumu Lenox Obuya, fundi wa mabomba kutoka Uthiru. Kukata ua wa waya wa nyumba moja Kitisuru, miaka miwili. Kuingia, miaka miwili. Kuondoka na pampu ya maji, miaka miwili. Makosa yote matatu yalichukua dakika ishirini za asubuhi moja, wiki ya tatu ya mifereji mikavu Uthiru, huku Kitisuru nyasi zikinyunyiziwa.

Ilibaki sentensi moja ya kusemwa: vifungo vitatumikiwa kwa pamoja. Hakimu asipoisema, vinafuatana. Kabla ya Obuya, siku hiyo hiyo, bwana mmoja wa Karen aliyeuzia watu tisa uwanja wa shule alipata vifungo tisa vya miaka miwili miwili. Wakili wake akainuka nusu, akakohoa, na sentensi ikasemwa. Obuya hakuwa na mtu wa kukohoa. Tena alidhani makosa ya asubuhi moja hufungwa pamoja tu. Akasema, "Asante, mheshimiwa," na hakimu akaenda chai.

Kesho yake gerezani, wafungwa walipochuchumaa watano watano kuhesabiwa, walizidi wawili. Afande Ndeti alirudia, akakuta Obuya ni watatu, wote na kovu la msumeno kwenye kidole gumba.

"Nyinyi mnaniharibia hesabu," alisema.

"Afande, msichana wangu ana miaka mitatu," alijibu mmoja wao. "Nikikaa sita hatanijua. Tumeamua kugawana vifungo."

Ndeti aliwaandika kwa penseli, akawapa blanketi moja.

Wa ua alipelekwa shambani, wa kuingia jikoni, wa pampu akashonea serikali magunia. Jumamosi mkewe, Ivyne, alikuja kuwaona.

"Wewe ni yupi?"

"Wa pampu. Wa kuingia anaumwa na jino."

"Si nilikwambia ung'oe hilo jino tangu Krismasi? Sasa ona. Linauma mmoja, mnanuna watatu."

Miaka miwili ikaisha. Wote watatu walikunja lile blanketi, wakasimama mbele ya mkuu wa gereza. Mkuu akafungua faili.

"Vinafuatana," alisema. "Cha pili kinaanza cha kwanza kikiisha. Kwa hivyo kinaanza leo."

"Na hii miaka tumekaa hapa?" aliuliza wa kuingia.

"Hiyo mlikaa kwa hiari yenu."

Wa ua peke yake ndiye aliyetolewa. Langoni alisimama karibu na bwana wa Karen, ambaye siku hiyo alikuwa amemaliza miaka yake kumi na minane kwa pamoja, bila kuota mvi hata moja. Dereva alimfungulia mlango wa gari. Ule uwanja una nyumba tisa sasa. Watoto wa shule huchezea kando ya lami, na mwalimu husimama katikati ya barabara na bendera nyekundu.

Obuya alienda masjala ya mahakama kuomba ile sentensi moja. Karani, Wavinya, alikuwa mpole.

"Ombi hili huletwa na mfungwa. Wewe uko nje."

"Mfungwa ni mimi."

"Kama ni wewe, basi umetoroka, bosi wangu. Enda nyumbani kabla sijaandika."

Jumamosi alimchukua binti yake, Anita, wakaenda gerezani. Kwenye kitabu cha wageni, penye uhusiano na mfungwa, aliandika: mwenyewe. Afande akasoma, akawapa dakika kumi.

Wa kuingia alikuwa bado jikoni. Aliyeletwa ni wa pampu. Huyo hakuwa anatumikia chochote, zamu yake ilikuwa haijafika, na kungoja hakukuwa na safu katika faili.

"Salimia baba," Obuya alimwambia mtoto.

"Baba ni wewe."

"Na yeye pia."

Anita, aliyekuwa ametimiza miaka mitano, alimtazama mtu wa nyuma ya waya, kisha baba yake, kisha yule mtu tena.

"Huyo anakuja nyumbani lini?"

"Ukiwa na tisa," alisema wa pampu.

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akapitisha vidole kwenye waya, akampa mkono vile alivyofundishwa kusalimia wageni.