Duka Lililodhaniwa Makumbusho

Wageni walioutembelea mji ule mkongwe walishuka mashuani, wakaupiga picha mlango wa fundi viatu, wakachungulia kwa adabu zote, kisha wakarudi mtoni wakaenda zao. Wiki ya tatu hiyo, hata kiatu kimoja hakijaingia. Fundi alishaapa kwamba Jumamosi angelifunga kabisa duka la babu yake.

"Umekaa kimya kama sanamu, baba watoto," mkewe alimtania. "Nani atakusemesha?"

Mara mama mmoja kati ya wageni akaingia na mwenzake, akichechemea, kiatu kimeachama. Akazitazama nyundo za kale, akamnong'oneza mwenzake, "Usiguse kitu. Hata huyo mzee wamemtengeneza vizuri, utadhani anapumua!"

"Napumua, mama, tena vizuri," fundi akasema. "Lete hicho kiatu kabla hakijaumeza mguu."

Mama akapiga ukelele, halafu akacheka mpaka akakikalia kigoda. "Jamani! Sisi tulijua ni makumbusho!"

Kicheko kikawavuta wenziwe waliobaki nje. Wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akiinua wayo kukagua soli yake. Jumamosi ilipofika, fundi alifungua mapema: jozi sita zilikuwa zikimsubiri.