Gari Limeondoka

Mkwe wangu Ismaili hakuwahi kunitazama usoni, na kwa hilo nilimpenda. Tangu amuoe binti yangu Sharifa, tukikutana njiani huhamia upande wa pili, akainamisha kichwa na kuniamkia akiwa ameelekea ukutani, nami huitikia nimejifunika mtandio hadi puani. Akija nyumbani Mlola, chakula anapelekewa barazani. Anayeona huo ni ushamba na aone. Kwetu Usambaani mkwe anaheshimiwa kwa mbali, na huo umbali ndio uliotufanya tupatane.

Kazi yake ilikuwa kukusanya ushuru wa maegesho pale sokoni mjini. Mimi siku za soko naenda na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo alikoniachia marehemu mume wangu, Issa. Nakijaza kabichi na karoti, naendesha mwenyewe. Waliokuwa wakishangaa mwanamke kushika usukani kwenye zile kona wameshachoka kushangaa.

Enzi za karatasi mambo yalikuwa mepesi. Unalipia kibali, unapewa chenye muhuri, unakibandika kwenye kioo cha mbele. Ismaili anapita ng'ambo ya barabara, anakiona, anaendelea na kazi yake. Hatukuwa na haja ya kusemeshana.

Halafu wakatangaza kwamba karatasi basi, kila kitu kinahamia kwenye mfumo. Kampuni iliyopewa tenda ikafungua ofisi, na humo nikamkuta binti anaitwa Jackline, kucha ndefu, adabu zake nzuri tu. Alichukua kibali changu, akatazama faili, akagonga kompyuta.

"Mama, hutabandika chochote tena. Mashine ya mkusanyaji itasoma namba ya gari. Kibali kikikaribia kuisha, mfumo utakukumbusha kwa simu."

Akakichana kile kibali mbele yangu, akakitupa kwenye ndoo ya taka. Nikamshukuru, mjinga mimi.

Mfumo ulikumbusha kweli. Ulimkumbusha Issa. Namba ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa yake, na Issa tulishamzika, laini yenyewe imeshafungwa. Marehemu akatumiwa ujumbe, akapewa onyo, akapigwa faini juu ya faini, na mimi niko sokoni nauza kabichi bila habari.

Mwenye habari alikuwa Ismaili. Kila siku ya soko mashine yake ilisoma namba ya kirikuu ikawaka nyekundu: kibali kimekwisha. Kanuni inataka mkusanyaji amfuate mwenye gari, amwambie anadaiwa. Sasa niambieni nyie, mkwe amfuate mama mkwe katikati ya soko amwambie mama, unadaiwa? Hakuweza. Hata kumtuma Sharifa alishindwa, aliona kunidai kwa kinywa cha binti yangu ni utovu wa adabu uleule. Ile mashine ilikuwa na kitufe kinachoandika "gari limeondoka", cha dereva aliyeondoka kabla ya kutozwa. Akawa anabonyeza hicho. Kirikuu kipo palepale, mimi niko pembeni yake napima karoti, na mashine inaandika kimeondoka. Haya Sharifa alinisimulia baadaye, mambo yameshaharibika.

Yaliharibika Alhamisi moja. Lilikuja gari la kuvutia magari, akashuka msimamizi wa wakusanyaji ushuru, Brian, na mtu wa kufunga mnyororo kwenye tairi.

"Mama, hili gari ni lako? Kibali kimekwisha siku nyingi."

"Mbona sijaambiwa?"

Brian alibofyabofya mashine yake, akacheka kicheko kibaya. "Hapa inaonesha kila siku ya soko gari hili linasomwa, na hapohapo linaondoka. Sasa ama wewe ukimwona mkusanyaji unakimbia, ama mnakula pamoja. Ismaili! Njoo hapa."

Ismaili akaja. Watu nao wakaja, soko zima likaacha kuuza.

"Huyu mama ni ndugu yako? Sema kweli. Anayemfichia ndugu yake, leo hii hana kazi, na polisi atakwenda."

Nilijua Sharifa ana watoto wawili wadogo na nyumba ya kupanga. Nilijua, na bado moyo wangu ulitaka alitamke. Aseme tu ni mama yake. Ningeuza shamba tukalipa, tukaanza upya wote.

Ismaili akainua kichwa. Akanitazama machoni, wazi, mbele ya kadamnasi.

"Simfahamu," akasema. "Ni mteja kama wengine. Akiniona nakuja, anawasha gari anaondoka."

Mimi! Niliona aibu kama niliyevuliwa nguo. Hasira ikanipanda.

"Na wewe mama," Brian akanigeukia, "huyu unamjua?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini lingemfukuza kazi, na wajukuu wangu ndio wangelala na njaa.

"Nimjulie wapi?" nikasema.

"Basi wewe ndiye mkwepaji," Brian akatangaza kwa sauti. Wakashusha kabichi zangu juani, wakavuta kirikuu. Jirani yangu wa meza, Halima, aliniuliza kwa Kishambaa kama ni kweli nilikuwa nakimbia ushuru. Nikainama kuokota kabichi zangu.

Kirikuu bado kiko kwenye uwanja wao, kinaota kutu. Faini zinaongezeka, na taarifa zake bado anapelekewa Issa. Nilipokwenda kubadilisha namba, Jackline aliniambia kwa adabu zake zilezile kwamba lazima mwenye namba afike mwenyewe.

Wiki iliyofuata Sharifa akapiga simu.

"Mama, Ismaili anashukuru sana. Umetuokoa. Anasema Jumapili anakuja kukuona."

"Akifika mlangoni," nikamwambia, "aseme yeye ni nani na katokea wapi. Humu ndani hakuna anayemfahamu."

"Mama jamani, angefanyaje? Ilikuwa kazi."

"Na mimi nilikuwa mteja kama wengine."

Sharifa akaanza kulia. Nikakata simu, nikabeba kapu langu la karoti kichwani nikaenda kutafuta gari la kunipeleka sokoni.