Chumba cha Malkia

Edson Mgaya wa Makambako alikuwa na chatu, na chatu huyo alikuwa anamng'ata. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja tangu mwanzo, na mtu mwenye akili zake angeyatenganisha mapema. Edson aliyapa majina mazuri. Chatu alimwita Malkia, na kule kung'atwa alikuita kuzoeana.

Mkewe Oktavia alimjua. Alishaishi na kware wake, wale ambao mayai yao yangetibu kila ugonjwa na kumjengea ghorofa, wakafa wote kwa baridi. Alishaishi na sungura wake, wakazaana mpaka Edson akakosa wa kumgawia hata bure. Alivumilia, maana kware hang'ati mtu. Lakini huyu nyoka, Edson alimtoa Ludewa, kule chini karibu na ziwa ambako kuna joto, kwa mtu aliyemwambia kwamba chatu akishikwashikwa kila siku tangu mdogo anakuwa mpole kama paka. Oktavia angependa kumwona huyo paka.

Kila jioni, akishafunga duka lake la vipuri vya malori, Edson alivaa fulana ya mikono mifupi ili watu wayaone makovu, katika upepo ule wa Makambako ambao watu wazima wanaukabili na makoti mawili. Alikuwa na makovu ya vidoleni, ya kiganjani, na moja la shingoni alilolipata akipiga picha. Akiulizwa, alisema, "Ananizoea tu. Huyu ni mwanangu. Kwani mtoto hamng'ati mama yake akinyonya?" Oktavia, aliyemnyonyesha binti yao Judith ambaye sasa yuko shule ya bweni, alikuwa na jibu la hilo, ila mbele ya wageni alilimeza.

Sababu ya kung'atwa hata haikuwa siri. Malkia alilishwa simbilisi, vile vinyama vidogo visivyo na mkia ambavyo nyumba nyingi za huku huvifuga kwa ajili ya nyama, na simbilisi wenyewe walikuwa palepale jikoni, wakikimbizana chini ya meza na kutafuna majani. Edson alimkamata simbilisi kwa mkono, akamtupia nyoka, kisha akanyoosha mkono uleule kumpapasa. Nyoka alinusa chakula, akauma chakula. Yule mtu wa Ludewa alimwambia anawe kwanza kwa sabuni. Oktavia alimwambia. Hata jirani yao Rabson, ambaye kazi yake katika mambo haya ilikuwa kurekodi video, alimwambia. Edson alinawa siku mbili tatu, akaacha. Alisema mzazi hanawi mikono ili amshike mwanawe, neno ambalo hakuna mama aliyezaa angemkubalia.

Yote hayo Oktavia angeendelea kuyacheka kimoyomoyo kama si suala la chumba. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja tu chenye joto, kile kidogo kinachopakana na ukuta wa jiko la kuni. Edson alikiziba nyufa, akakiwekea dari, akatundika balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, akamweka Malkia humo ndani ya sanduku la mbao lenye kioo. Mwezi wa sita ulipoingia, mume na mke walilala na soksi na kofia, na nyoka alilala kana kwamba bado yuko Ludewa.

Mwezi huohuo mama yake Oktavia, Mama Feliciana wa kijiji cha Yakobi, alilazwa Njombe kwa ugonjwa wa kifua. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza Oktavia waziwazi kwamba mapafu ya mama hayatastahimili kupigwa na baridi tena. Akilala penye upepo anaweza asiamke. Nyumba ya Yakobi ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na bati, na asubuhi sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, ilitanda kwenye nyasi mpaka mlangoni. Oktavia hakuwa na cha kupima. Alimwambia mumewe kwamba mama anakuja, na kwamba anahitaji chumba kile.

"Aje, hapa ni kwake," Edson alisema. "Tutamtandikia sebuleni."

"Sebuleni mlango haufungi vizuri, Baba Judith. Upepo unaingia unavyotaka."

"Tutaweka gunia pale chini. Malkia akipigwa na baridi siku moja tu, anakufa. Mama ni mtu, anaweza kujifunika."

Oktavia alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania. Uchungu ulimpanda mpaka machozi yakamlengalenga, na kilichomuuma zaidi ni ile sauti ya mumewe, sauti ya upole, ya mtu anayejiona amepanga mambo vizuri.

Mama Feliciana alifika Jumamosi mchana, ameshikwa mkono na binti yake, amevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Kutoka barabarani hadi mlangoni alipumzika njiani, lakini hakukubali kuingia kwa mkwe mikono mitupu. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu simbilisi wawili wanono.

"Kamwene, mkwe," alisema.

"Kamwene, mama. Shikamoo." Edson aliinama, akawapokea wale simbilisi kwa mikono yote miwili, akawapakata kifuani kwa heshima zote alizofundishwa. Kisha akataka mkwe wake amwone Malkia. Rabson alishafika na simu yake, na majirani wengine walishajaa sebuleni. Oktavia alimnong'oneza mumewe akanawe kwanza.

"Ninawe mara tu baada ya kupokea zawadi ya mkwe, naye ananiona?" Edson alimnong'oneza naye. "Si atafikiri namwona mchafu?"

Kwa hilo hakukosea. Huku mtu aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo. Ila mtu aliyelelewa vizuri hana pia nyoka chumbani.

Akaenda, akarudi na Malkia mikononi, akaanza hotuba. Alimwambia mkwe wake asiogope, huyu ni mwanawe kabisa. Alisema nyoka hutambua roho ya mtu, na kwamba ukimwonyesha upendo, naye... Hakuufikisha mbali huo upendo. Malkia alimdaka kiganja cha kulia, akajizungusha mkononi mara moja, mara ya pili, akaanza kubana bila haraka yoyote. Majirani walitoka wote kwa pamoja, mlango ukawabana. Rabson naye alitoka, ila simu aliiacha ikitazama ndani.

"Maji," Edson alisema, rangi imemtoka. "Mama Judith, leta maji ya baridi ummwagie mdomoni, ataachia."

Oktavia alileta ndoo. Maji ya Makambako mwezi wa sita hayahitaji friji. Akasimama nayo mbele ya mumewe.

"Mama analala wapi?"

"Oktavia, mkono unakufa ganzi."

"Nimeuliza mama analala wapi."

Edson alimtazama mkwe wake, aliyekuwa amejikunyata kwenye kochi, akiyaangalia yote hayo kwa adabu. Damu ilikuwa inadondokea kwenye kapeti. "Chumba kile," alisema. "Alale kile."

Oktavia akamwaga, na nyoka akaachia. Jambo la kwanza Edson alilofanya, kabla hata ya kutazama kiganja chake, ni kumpanua Malkia mdomo aone kama hakuvunjika jino. Oktavia aliliona hilo, na huruma ndogo iliyokuwa imembakia ikaishia hapo.

Kabla jua halijazama, chumba kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimeingizwa, na mama alikuwa amejilaza chini ya dari, anapumua kwa nafasi. Sanduku la Malkia lilihamishiwa chumbani kwa wenye nyumba, pamoja na balbu yake.

"Mimi nitalala na mama," Oktavia alisema. "Wewe utalala na mwanao."

"Mfuniko umelegea wakati wa kulibeba. Haufungi."

"Basi mtakuwa karibu zaidi. Mchukue hata kwenye blanketi, apate joto la mzazi."

Edson alicheka, kisha akaacha kucheka.

Asubuhi Oktavia alimkuta sebuleni, amejikunja kwenye kochi na koti na kofia, amejifunika kitambaa cha meza, mkono wenye bendeji ameukumbatia. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na zaidi ya ufunguo alikuwa ameusukumia meza. Oktavia alimpita, akaenda jikoni. Alianza kutenga chai.

Mama Feliciana alitoka polepole, kitenge mabegani, uso umechangamka. Alikuwa mtu wa adabu, na jana alimsikia mkwe kwa masikio yake mwenyewe. Alimsalimu, akauliza hali ya mkono, akauliza habari za duka. Halafu, kwa sauti ileile, bila chembe ya mzaha, akauliza:

"Na mtoto, ameamkaje?"

Edson aliitazama ile meza iliyosukumiwa mlangoni. Akasema hajui, hajaenda kumwona.