Njoo Januari

Mwishoni mwa Septemba, siku Coldwater walipowafunga mabingwa wa nchi katika mpira wa Kimarekani, nyumba yetu nzima ilipiga kelele isipokuwa mimi. Mume wangu Alonzo aliruka mpaka akapindua bakuli la karanga za kuchemsha. Mwanetu Kendrell alipiga magoti mbele ya televisheni akilia kama mtu aliyeokoka. Ishirini na nne kwa ishirini na tatu, kwa teke la sekunde ya mwisho, tena ugenini, katika uwanja wa watu laki moja!

"Chuo changu hicho, Mama!"

"Nimeona," nikasema, nikainama kuokota karanga.

Mtaniona mkosa shukrani. Ngojeni kwanza. Kendrell alikuwa ameahidiwa nafasi Coldwater tangu Juni: asome bure miaka minne, ale na alale bure, na yeye awachezee. Kazi yake uwanjani ni kusimama mbele ya mrusha mpira na kuzuia madubwana ya timu pinzani yasimfikie. Wakati anaahidiwa, Coldwater walikuwa wametoka kushinda mechi mbili tu msimu mzima, na Kocha Lassiter alikuwa anabembeleza vijana mlango kwa mlango. Vyuo viwili vidogo vilimtaka Kendrell, akavikataa kwa ajili ya Kocha. Lakini ahadi yenyewe ilikuwa ya mdomo. Karatasi husainiwa Desemba, na mpaka siku hiyo yeyote anaweza kugeuka.

Sasa niambieni. Timu inayofungwa kila Jumamosi haichagui watu. Iliyomwangusha bingwa, je? Nani hataki kwenda huko?

"Wewe ukipewa asali unauliza nyuki wako wapi," Alonzo akaniambia usiku ule ule.

"Nauliza, ndiyo. Mimi ndiye ninayeumwa."

"Ahadi ni deni, Erne."

"Kamwambie Kocha. Mimi sijamwahidi mtu."

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalianza Oktoba. Kocha alikuwa anapiga simu kila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, anamsalimia mpaka paka. Ghafla simu zikakoma. Badala yake kijana fulani wa ofisini kwake akawa anatuma picha za mpira unaowaka moto. Picha! Mimi napika kwenye jiko la shule ya sekondari hapa mjini, na kila mapumziko nilikuwa nafungua simu kusoma orodha ya vijana walioahidi kwenda Coldwater. Wiki moja baada ya ule ushindi, aliingia mmoja wa Georgia, futi sita na inchi saba. Wiki iliyofuata wakaingia mapacha wa Texas. Wote wazuiaji, kama mwanangu. Na Kocha alituambia kwa kinywa chake kwamba mwaka huu anachukua wazuiaji watatu tu.

"Georgia mmoja, mapacha wawili," nikamwambia Alonzo. "Tatu hiyo. Kendrell ni wa ngapi?"

"Kendrell ni wa kwanza. Aliahidiwa kwanza."

"Mlangoni anayetangulia ni mwenye mabega, Alonzo, siyo aliyewahi."

Nikimuuliza Kendrell mwenyewe, ananikata. "Mama, acha kunusanusa."

"Kocha amepiga?"

"Amepiga juzi."

"Amesemaje?"

"Anakusalimu."

Nikamwamini. Nilimshuku kila mtu Alabama nzima, mtoto wangu nikamwacha.

Jumapili moja mwishoni mwa Novemba, tumetoka kanisani, Kocha Lassiter akaja. Nilikuwa nimepika shingo za nguruwe, sukuma, mkate wa mahindi na pai ya viazi vitamu. Ile Juni alikula sahani mbili, akalamba vidole, akaomba afungiwe nyingine ya njiani. Akina mama wote wa huku tunalijua hilo: kocha anayemtaka mwanao anakula mpaka afungue mkanda.

"Nimekula njiani, Bi Ernestine," akasema.

Toba! Nani anakula njiani akienda kwa mama wa watu siku ya Jumapili?

Akaanza kuzungusha maneno. Mambo yamebadilika, yamebadilika kwa uzuri. Simu hazipumui. Chuo kimepata jina. Kendrell ni kama mwanawe wa kumzaa. Alonzo anaitikia kwa kichwa kila neno kama yuko ibadani. Mimi nimemkazia macho tu.

"Kwa hiyo tunachofikiria," Kocha akasema, "Kendrell asisaini Desemba hii, wala asije Agosti ijayo na wenzake. Abaki nyumbani miezi michache, ajijenge mwili. Halafu aje Januari inayofuata."

"Januari," nikasema.

"Januari, Bi Ernestine. Nafasi yake iko pale pale."

"Bwana Lassiter," nikasema, na ukocha nikamvua hapo hapo, "mtoto wa Hattie Broadnax, nyumba ya tatu kutoka hapa, aliambiwa na kocha mmoja aje Januari. Sasa ni mwaka wa sita anakata kuku kiwandani. Hiyo Januari inatokea njia gani mpaka haifiki?"

"Mama," Kendrell akasema.

"Nyamaza, naongea na mgeni wangu."

"Mama, mimi nilishakubali."

Nikageuka. Alikuwa anaangalia meza.

"Aliniambia wiki ile ile baada ya ushindi. Akasema nisikwambie mpaka aje mwenyewe. Nikasema sawa. Ni miezi michache tu, Mama. Ameniambia mimi ni mtu wake."

Miezi miwili. Mtoto amelala na hilo jambo miezi miwili, anaamka, ananisalimu, anakula uji wake. Moyo uliniuma nikakosa pa kuushika. Lakini sikumgombeza. Nilifungua mkoba wangu wa kanisani, nikatoa kalamu na ratiba ya ibada, nikaigeuza upande mtupu.

"Andika hapa. Kendrell Pettway ana nafasi Januari. Weka jina lako na tarehe."

"Bi Ernestine, mambo haya yana taratibu zake..."

"Sikupeleki mahakamani. Nabandika kwenye friji."

Kendrell akacheka kwa aibu. "Mwandikie tu, Kocha. Mama ndivyo alivyo. Ukiandika atatulia."

Kocha akaichukua kalamu.

Nimewashuku watu maisha yangu yote, na nikipatia huwa nafurahi, sitawadanganya. Siku hiyo sikutaka kupatia. Andika, nilikuwa naomba moyoni, andika mwanaume wewe, niaibishe mbele ya mume wangu na mwanangu, nikuombe radhi kwa magoti.

Akaandika "Kendrell". Kisha mkono ukasimama. Akaiangalia karatasi, akaiangalia saa yake, akafunika kalamu.

"Nitawatumia kitu rasmi wiki hii," akasema.

Kendrell aliivuta ile karatasi mbele yake, akalisoma jina lake kana kwamba ni refu.

"Kocha," akauliza taratibu, "yule wa Georgia naye anakuja Januari?"

Kocha akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

Mwanangu akasimama. Sijui alianza lini kuwa mrefu vile.

"Mama," akasema, "mletee Kocha koti lake."

Nikaenda kulichukua. Nikamkabidhi, nikamfungulia na mlango.