Sumaku ya Mlangoni

Mashine mpya ya kulehemu kwa leza ilikuwa na akili zake: mlango wake ukifunguliwa, inajizima. Fundi mkuu, ambaye si mtu wa kusubirishwa na bati, akabandika sumaku kwenye kihisio cha mlango, mashine ikaamini umefungwa. Kazi ikaenda chapuchapu, akasifiwa.

Leo shemeji yake, ambaye fundi mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hapo, alifungua mlango, akaingiza kichwa kufuta kioo cha ndani bila wasiwasi. Leza ikampiga machoni.

Mhandisi wa kiwanda akasoma kumbukumbu za mashine. "Mlango ulikuwa umefungwa. Mashine haisemi uongo."

Hospitalini, shemeji akaupapasa mkono wa fundi. "Wewe si ulikuwepo, shemeji? Waambie niliufungua."

Mfukoni mwa fundi, sumaku ilikuwa imeng'ang'ania funguo za nyumbani.